Fungu la 40 kwa mia: fedha ziko njiani, mvua imekwisha kufika



Katika kila mkutano wa tawi tunaoufanya hapa Lubumbashi na katika miji ya jirani, kuna ulizo moja lisilokosa. Linaulizwa na walimu, linaulizwa na waganga, linaulizwa na vibarua wa barabara: fedha za Leta zinakwenda wapi? Tunakatwa kodi katika mshahara. Tunalipa kodi katika sabuni, katika mafuta ya taa, katika nauli ya basi. Halafu mvua inanyesha, daraja linaanguka, na tunaambiwa hakuna fedha.

Sisi si mabwana wa uchumi. Wengi wetu tuliacha masomo darasa la sita tukaingia kazini. Lakini kusoma tunajua, na hesabu ya kutoa na kujumlisha tunaijua. Mwaka huu tulikubaliana kufuata fedha hizi hatua kwa hatua, kama mtu anayefuata bomba la maji ili aone mahali linapovuja. Tunawaletea hapa yale tuliyoyaona.

DARAJA LA MBAO MBILI

Tuanze nyumbani. Katika komini moja ya mji wetu kuna kijito kinachopita kati ya nyumba za watu na kituo cha afya. Wakati wa kiangazi mtoto anakiruka. Wakati wa mvua ni mto. Palikuwa na daraja dogo la saruji. Mvua moja ya usiku ililipeleka lote, na asubuhi waganga wawili wa zamu walisimama ng'ambo hii wakitazama kituo chao ng'ambo ile. Ndani alikuwamo mlinzi peke yake na wagonjwa. Mama mmoja aliyeshikwa na uchungu alizungushwa kwa baiskeli njia ya mbali, akajifungua kando ya barabara mikononi mwa wakwe zake. Mama na mtoto wako wazima, Mungu ashukuriwe. Lakini jambo la namna hiyo halitakiwi kutegemea bahati.

Watu wa mtaa walichanga wakanunua mbao mbili wakaziweka. Sisi wa chama tulitoa misumari na mafundi. Kisha tukaenda komini kuuliza. Mara ya kwanza hatukupokewa. Mara ya pili tuliambiwa turudi. Mara ya tatu karani mmoja, mtu mzima mwenye heshima, alitutolea karatasi za bajeti za miaka mitatu akaziweka mezani.

Daraja lilikuwamo! Lilikuwamo mwaka wa kwanza, likawamo mwaka wa pili, likawamo mwaka wa tatu, kwa jina lile lile na kwa kiasi kile kile cha franka. Katika safu ya fedha zilizotengwa palikuwa na namba. Katika safu ya fedha zilizolipwa palikuwa peupe, miaka yote mitatu. Karani akatuambia: "Baba zangu, sisi tunaandika, na huko juu wanaandika. Maji hayajui kusoma."

Neno hilo ndilo lililotuma tuandike makala haya.

SHERIA INASEMAJE

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitangazwa tarehe 18 Februari 2006. Kifungu chake cha 175 kinasema kwamba fungu la majimbo katika mapato ya kitaifa ni 40 kwa mia, na kwamba fungu hilo linazuiwa pale pale mapato yanapopatikana. Maana yake ni nyepesi. Fedha za jimbo hazikutakiwa kusafiri mpaka Kinshasa na kungoja kurudishwa. Zilitakiwa kubaki mlangoni, ya Kinshasa iende Kinshasa na ya jimbo ibaki jimboni.

Kifungu cha 181 kinaunda Sanduku la Taifa la Kusawazisha, ambalo linapewa 10 kwa mia ya mapato ya kitaifa ya kila mwaka. Kazi yake ni kujenga katika majimbo na wilaya zilizobaki nyuma, ili mtoto wa Kasai asizidiwe sana na mtoto wa Katanga kwa sababu tu ardhi yake haina shaba.

Sheria ya Oktoba 2008 juu ya tawala za chini, yaani miji, komini, sekta na shefri, inaongeza hatua moja. Katika lile fungu la jimbo, tawala hizo zina haki ya 40 kwa mia.

Tulipoeleza haya katika mkutano tuliona watu wanasinzia, kwa hiyo tukaleta unga. Chukueni vikombe 100 vya unga, huo ndio mapato ya taifa. Pimeni vikombe 40, hivyo ni vya majimbo. Katika hivyo 40 pimeni tena 16, hivyo ni vya miji, komini, sekta na shefri. Jimbo linabaki na 24. Mama mmoja mchuuzi alisimama akasema: "Basi daraja letu liko ndani ya vile 16." Ndiyo, mama, umeelewa kuliko wakubwa wengi.

Na kazi zilizotwishwa majimbo si ndogo. Kifungu cha 204 cha Katiba kinayapa majimbo mambo mengi, zikiwamo barabara za jimbo na shule za msingi na za sekondari. Mwaka 2015 majimbo 11 ya zamani yaligawanywa yakawa 26, Kinshasa ikiwamo. Katanga yetu ilizaa manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Kila jimbo jipya lilihitaji gavana, mawaziri, bunge, magari na majengo. Matumbo yaliongezeka, lakini chungu kilibaki kile kile.

YALIYOTENDEKA

Tangu 2006 yale 40 kwa mia hayajazuiwa mlangoni kama Katiba inavyotaka. Fedha zinakusanywa, zinaingia katika akaunti ya Leta, kisha Kinshasa inatuma kwa majimbo kiasi inachoona kinawezekana, kwa wakati inaoona unafaa. Kiasi hicho kimekuwa chini sana ya 40. Wakuu wa Katanga ya zamani walilipigania jambo hili miaka mingi, kwa kuwa mapato mengi yalitoka katika machimbo yao na katika mpaka wa Kasumbalesa.

Kinshasa nayo ina jibu, na haki inatutaka tulitaje. Inasema kwamba mishahara ya walimu na ya watumishi wengi walioko majimboni inalipwa na yenyewe, na ni lazima ihesabiwe. Inasema tena kwamba vita vya mashariki vinakula fedha. Ni kweli kwamba vita vinakula fedha, na sote tuliona Goma ilivyotekwa na M23 Januari 2025, na Bukavu Februari 2025. Lakini Katiba ilikuwa imekaa miaka 19 kabla ya hapo. Na lile Sanduku la Kusawazisha lililoandikwa 2006, sheria yake ya kulipanga ilitoka 2016. Miaka kumi kwa kutengeneza sanduku tu, kabla ya kutia kitu ndani!

Tujue pia jinsi franka moja inavyotembea hata ikifika. Katika matumizi ya Leta kuna milango minne. Wa kwanza ni kufunga ahadi kwamba kazi itafanywa. Wa pili ni kuhakikisha kwamba imefanywa na deni ni kiasi gani. Wa tatu ni mkuu kutoa amri ya kulipa. Wa nne ndio kulipa. Mara nyingi mkubwa anasimama mbele ya watu akasema, "Fedha za barabara zimekwisha kutolewa," naye hasemi uongo, ila anasema juu ya mlango wa tatu. Kibarua analipwa kwenye mlango wa nne. Wenzetu wengi wamechimba mifereji, kontrakta wao akapewa karatasi yenye mhuri, na karatasi ikabaki karatasi miezi na miezi. Kwa hiyo ndugu, mkisikia "zimetolewa", ulizeni: ziko mlango gani?

MAAFA HAYANGOJI

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya makarani. Hapana, ni mambo ya kufa na kupona, na nchi yetu imelipa.

Tazameni Kalehe, katika Kivu ya Kusini. Tarehe 4 Mei 2023 mvua kubwa ilishuka juu ya milima inayotazama ziwa Kivu. Mito ilijaa mawe na matope ikaangukia vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko Nyamukubi, watu walikuwa wengi. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Leta ilitangaza tarehe 8 Mei kuwa siku ya maombolezo ya taifa. Siku chache tu kabla, mvua za namna hiyo zilikuwa zimeua zaidi ya watu 130 huko Rwanda, ng'ambo ya ziwa.

Sasa sikieni jambo linalouma. Kalehe haikuwa mara ya kwanza. Oktoba 2014 mafuriko yalikuwa yamekwisha kuua watu wengi katika wilaya ile ile. Tangu 2014 mpaka 2023 ni bajeti tisa. Bajeti tisa za kupanda miti milimani, kuhamisha nyumba zilizo mdomoni mwa mto, kuimarisha kingo na kuweka watu wa kutoa habari mvua inapozidi. Hatusemi hakuna lolote lililofanyika. Tunasema watu walikutwa wamelala mahali pale pale.

Tazameni Goma. Volkano ya Nyiragongo ilimwaga moto tarehe 17 Januari 2002, ikapita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya kiwanja cha ndege, na ikawaacha zaidi ya watu 100,000 bila nyumba. Kila mtu alijua itarudi, na ilirudi tarehe 22 Mei 2021, saa za jioni. Watu zaidi ya 30 walikufa, maelfu ya nyumba yaliungua, barabara ya Rutshuru ilikatwa, na mabomba ya maji yaliharibika. Siku tano baadaye mitaa kumi ya mji iliamriwa kuhama, na watu kwa mamia ya maelfu wakaenda Sake, wengine Gisenyi, wengine mashuani.

Na kile kituo cha wataalamu wanaoisikiliza volkano hiyo kilikuwa katika hali gani? Habari zilizochapishwa wakati ule zilieleza kwamba msaada wa Banki ya Dunia ulikwisha 2020, na kwa miezi mingi hakikuwa hata na fedha za kulipia intaneti ya kuunganisha vyombo vilivyoko mlimani. Kiliunganishwa tena Aprili 2021, mwezi mmoja tu kabla ya moto. Si fedha za kujenga mji zilizokosekana pale. Ni malipo ya mwezi, fedha ndogo ya kila siku. Lakini hiyo fedha ndogo ndiyo inayokatwa kwanza kila mara bajeti inapobanwa, kwa sababu haina utepe wa kukatwa mbele ya kamera.

Wala Kinshasa yenyewe haijaponea. Desemba 2022 mvua ya usiku mmoja iliua zaidi ya watu 120 katika mji mkuu. Aprili 2025 mto N'djili ulifurika, ukaua watu zaidi ya 30 na kukata barabara ya kwenda kiwanja cha ndege. Kwa hiyo jambo hili si la Katanga kuionea Kinshasa wivu. Mtoto wa Kinshasa anakufa maji kwa ugonjwa ule ule unaomwua mtoto wa Kalehe: fedha inayofika baada ya mazishi.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunaongeza kwamba anayejenga ukuta ni kibarua, na mara nyingi hajalipwa hata kwa ule ufa.

MFANO WA FEDHA ZILIZOFIKA

Je, haiwezekani kabisa fedha kubaki mlangoni? Inawezekana. Mfano uko hapa hapa kwetu, katika shaba na kobalti.

Sheria ya Machimbo ya 2018 inagawa ushuru wa madini hivi: 50 kwa mia kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, komini, sekta au shefri ambamo machimbo yamo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hayo inaitaka kila kampuni itenge 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaoizunguka.

Mgawanyo wa namna hiyo haukuwa mgeni kabisa. Sheria ya 2002 nayo iliandika 25 kwa jimbo na 15 kwa tawala za chini. Lakini wakati ule fedha zilipita kwanza kwa Kinshasa, na huko juu mengi yalipotelea. Sheria ya 2018 ilibadili njia: kampuni inalipa yenyewe kila mmoja katika akaunti yake. Ikapandisha pia ushuru, na kobalti ilipotangazwa kuwa madini ya pekee mwaka huo huo wa 2018, ushuru wake ulifika 10 kwa mia kutoka 2. Tangu hapo sekta na komini za Lualaba na Haut-Katanga ambazo zamani hazikuwa na fedha za kununua hata ream ya karatasi zimeona mamilioni ya dola yakiingia.

Kwa hiyo wasituambie kwamba kuzuia mlangoni hakuwezekani. Kwa madini imewezekana, kwa sababu sheria haikusema "atapewa". Imesema nani anamlipa nani, na katika akaunti gani.

Lakini tuwe wakweli hapa pia, maana chama kisichojisema hakiwezi kusema wengine. Fedha kufika si mwisho wa safari. Tumetembea katika baadhi ya mahali fedha hizi zinapoingia. Pengine tumeona shule na visima. Pengine tumeona ofisi mpya ya mkuu yenye vioo, na mfereji wa mtaa bado ni wa udongo. Tulipouliza daftari liko wapi, tuliambiwa liko kabatini, na mwenye ufunguo amesafiri. Fedha zikikwama Kinshasa tunamlaumu mtu wa mbali. Zikikwama kabatini, wa kuulizwa ni mtu tunayesali naye kanisa moja.

JIRANI ANAFANYAJE

Tuvuke mpaka kidogo. Kenya iliandika Katiba mpya 2010 na kuunda kaunti 47. Katiba ile inasema kaunti zitapata si chini ya 15 kwa mia ya mapato ya taifa, yakipimwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kukubaliwa na Bunge. Yetu ni 40, yao ni 15. Kwa karatasi sisi ni matajiri kuliko wao.

Lakini Katiba yao inaongeza kwamba fungu la kaunti litapelekwa bila kucheleweshwa bila sababu na bila kukatwa kitu. Kila mwaka kunatungwa sheria inayotaja kila kaunti itapata shilingi ngapi, na Seneti inakubali ratiba ya malipo. Katika mwaka wa fedha 2023/24 jumla ya fungu hilo ilikuwa shilingi bilioni 385.4, na mtu yeyote mwenye kutaka kujua kaunti yake imepewa ngapi aliweza kuisoma.

Tusidhani kwao ni peponi. Malipo yao yanachelewa pia, magavana wanapiga kelele, na wauguzi wa kaunti wamegoma mara nyingi kwa sababu ya mishahara. Tofauti ni kwamba wao wanapogoma wana karatasi mkononi: kiasi fulani kilitakiwa tarehe fulani, hakikufika. Sisi tunagoma tukiwa na hasira tu.

Hapo ndipo tulipojifunza somo letu kubwa. Kumi na tano yenye tarehe ina nguvu kuliko arobaini isiyo na tarehe. Asilimia bila tarehe ni ahadi, na ahadi haijengi daraja.

KWA NINI NI KAZI YA CHAMA

Wengine watatuuliza: chama cha wafanyakazi kinaingiaje katika bajeti? Si kazi yenu kutafuta mshahara?

Ndugu, mshahara wetu uko ndani ya bajeti hiyo. Septemba 2019 Leta ilitangaza kwamba shule za msingi za umma ni bure, kama Katiba inavyosema. Ni jambo jema, na watoto kwa mamilioni waliingia darasani. Lakini walimu wengi walioajiriwa kuwafundisha, wale wanaoitwa NU, wamefundisha miaka bila kuandikwa katika orodha ya malipo. Katika vituo vya afya kuna waganga wanaopata marupurupu tu bila mshahara, na wengine hawapati hata hayo. Kantoniye wanaotunza barabara za udongo kwa jembe na toroli wanangoja fedha za matengenezo, ingawa kila anayenunua mafuta ya gari analipia Mfuko wa Matengenezo ya Barabara, yaani FONER, ulioundwa 2008. Watu hawa ndio wanaotangulia siku ya maafa. Mwalimu ndiye anayewafungulia shule walioungua nyumba. Mganga ndiye anayewapokea waliokufa maji. Kantoniye ndiye anayefukua tope. Bajeti isiyowalipa siku ya jua haitawapata wakiwa na nguvu siku ya mvua.

YA KUFANYA

Baada ya kusikilizana katika matawi, tumekubaliana mambo manne, nasi tunayatoa kwa kila tawi.

La kwanza, tujue kalenda. Katiba inaitaka serikali ipeleke mpango wa bajeti bungeni kabla ya tarehe 15 Septemba kupita, na kikao cha bajeti kinakwisha tarehe 15 Desemba. Anayekwenda kuuliza Januari amechelewa, chungu kimekwisha kupakuliwa. Mwombeni mbunge wenu wa taifa na wa jimbo aje kwenye tawi mwezi wa nane, si siku ya kampeni.

La pili, tuulize safu mbili, si moja. Kilichotengwa ni kiasi gani? Kilicholipwa ni kiasi gani? Mkijibiwa safu ya kwanza tu, kaeni kitini mpaka mjibiwe ya pili.

La tatu, tudai karatasi ukutani. Kila mwezi komini, sekta au shefri ibandike mlangoni kwake: mwezi huu tumepokea franka hizi, kutoka mahali hapa, tumezitumia hivi. Hata kama ni sifuri, iandikwe sifuri.

La nne, tudai fungu la kuziba ufa. Katika kila bajeti ya jimbo na ya komini liwemo fungu la mifereji, kingo za mito na vituo vya kutoa habari za hatari, na lisiguswe kwa safari wala magari. Na katika fungu hilo, mshahara wa kibarua utangulie.

DARAJA LIKO WAPI LEO

Mtataka kujua habari za lile daraja. Baada ya kurudi mara nyingi, mkuu wa komini alikubali kubandika karatasi ya mwezi. Mwezi wa kwanza iliandikwa sifuri. Watu walicheka, wengine walikasirika. Sisi tuliinakili sifuri ile, tukaipeleka jimboni pamoja na karatasi za miaka mitatu na majina ya watu wa mtaa waliotia sahihi, na waliotia alama ya kidole. Hatukutukana mtu. Tuliweka mezani sifuri na Katiba, moja kando ya nyingine.

Mwezi wa pili sifuri tena. Mwezi wa tatu kulikuwa na kitu. Kilikuwa kidogo, hakikutosha daraja zima, lakini mabomba ya saruji yalinunuliwa yakatiwa kijitoni, na sasa watu wanapita juu yake. Gari la wagonjwa bado halipiti. Vibarua waliofanya kazi ile walikaa majuma sita kabla ya kulipwa, na tulisimama nao majuma yote sita mpaka wa mwisho akatia mfukoni haki yake.

Hatusemi tumeshinda. Mbao zile mbili tumezihifadhi nyuma ya ofisi ya tawi, maana mvua itarudi mwezi wa kumi na moja. Lakini karatasi bado iko ukutani, na kila mwanzo wa mwezi kuna mama anayesimama mbele yake na mtoto mgongoni, anaisoma safu ya pili kwa kidole. Ni yule yule aliyejifungua kando ya barabara.

Ndugu zetu wa matawi mengine, nendeni mkaulize kwenu. Mtuandikie mlichojibiwa, tukiweke katika toleo lijalo, namba kwa namba.